Ukitafuta ukoo, jina la babu litafutwe mwisho

Anayeingia Nyaraka za Taifa za Kenya pale Moi Avenue, Nairobi, na kuomba faili la babu yake fulani bin fulani hutoka mikono mitupu, na wahudumu hawana kosa. Faili la babu halipo. Karatasi za serikali zilipangwa kwa kufuata ofisi iliyoziandika: mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mahakama, wizara. Babu yumo ndani ya faili la shughuli ya mtu mwingine. Yumo kwenye orodha ya wazee wa baraza, kwenye kesi ya mbuzi wa mahari, kwenye malalamiko dhidi ya chifu, na jina lake limeandikwa jinsi karani alivyolisikia siku hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kupanda matatu kwenda mjini, tafuta mambo manne: kijiji kilikuwa chini ya wilaya gani wakati huo, chifu alikuwa nani, kanisa au msikiti wa karibu ulikuwa wa nani, na mzee alifanya kazi kwa nani. Ukiwa na haya manne, jina utalikuta njiani. Ukiwa na jina peke yake, utafungua mafaili mpaka macho yaume.

Mengi kati ya hayo yamo nyumbani, kwenye sanduku la bati au chini ya godoro la nyanya. Kitambulisho cha marehemu huonyesha nyuma wilaya, tarafa, lokesheni na sabulokesheni. Kadi ya ubatizo ina jina la misheni. Stakabadhi ya kodi ya nyumba ina mwaka na wilaya, na ikiwa kiasi kimeandikwa kwa rupia, ni ya kabla ya 1921. Kipande (hati ya utambulisho ya enzi ya ukoloni), ambacho wanaume wa Kiafrika kuanzia umri wa miaka 16 walianza kulazimishwa kukibeba mwaka 1919 na 1920, kiliandikwa mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Kwa mtafutaji, kipande kilichosalia kina thamani kuliko picha kumi, maana kinamtaja mwajiri na mahali. Usikisafishe, wala usikipake mafuta ili maandishi yaonekane. Kipige picha ukiwa umeinamisha taa kutoka upande mmoja.

Kuna karatasi nyingine ambayo watu hutupa: kile kijitabu cha mazishi. Wasifu wa marehemu uliosomwa kaburini hutaja wazazi, ndugu kwa mpangilio wa kuzaliwa, wake, wakwe na shule. Kusanya vya ukoo mzima, hata vya mashemeji. Matangazo ya vifo gazetini nayo hufuata mtindo uleule wa mwana wa marehemu fulani, ndugu wa fulani na fulani. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, ina magazeti ya zamani kwa wanaotaka kurudi nyuma zaidi. Ila kumbuka kwamba wasifu wa mazishi huandikwa usiku mmoja na watu wenye huzuni. Uuamini kwa majina ya walio hai. Kwa miaka ya kuzaliwa ya wazee, uutilie shaka.

Miaka ya wazee

Uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo vya Waafrika ulienezwa nchi nzima mwaka 1971 tu. Wazungu na Wahindi waliandikishwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo ukoo wa Kigujarati wa Ngara una vyeti ambavyo ukoo wa Kikamba wa Kangundo hauna. Mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi ni makadirio ya karani aliyemtazama usoni. Uandike ukiwa na alama ya kuuliza, kisha uupime kwa matukio.

Matukio yanayofaa ni yale ambayo jirani pia anayakumbuka. Ukambani, njaa ya Ngomanisye ni ya 1898 na 1899. Kwa Wakikuyu, njaa ya Kimotho ilikuja 1918 pamoja na ule ugonjwa wa mafua, na njaa ya Mianga ni ya 1943. Kwa Wajaluo nzige wa nyangweso ni wa mwaka 1931 hivi. Mafuriko ya 1961 yanajulikana karibu kote. Usiulize mzee alizaliwa mwaka gani. Uliza kama njaa ile ilimkuta akichunga mbuzi, akiwa ametahiriwa, au akiwa na mtoto mgongoni.

Marika ya kutahiriwa husaidia sana, yakitumiwa kwa uangalifu. Kwa Wakalenjin majina ya marika ni mzunguko (Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kipnyige, Nyongi) na hurudi baada ya takriban karne moja. Ukiambiwa mtu alikuwa Kaplelach, uliza ni Kaplelach ya sasa au ile iliyotangulia, la sivyo utamfanya babu wa babu kuwa mjomba.

Barua

Watu wengi hudhani barua imepitwa na wakati. Kwa mzee wa mashambani asiyesikia vizuri kwenye simu, barua bado ni bora, kwa sababu inasomwa mara tatu, inajadiliwa jikoni, na jibu linakuja na maelezo ya watu wawili au watatu. Masharti ni machache. Mwandikie mtu mmoja, jambo moja, maswali yasizidi matano. Kila swali liachie mistari minne mitupu chini yake ili aandike papo hapo. Tia ndani bahasha yenye stempu na anwani yako. Andika kwa herufi kubwa za kusomeka, maana atakayesoma huenda ni mjukuu wa darasa la tano. Mfano:

“Nyanya mpendwa, shikamoo. Huku sote tu wazima, twaomba nanyi muwe vivyo hivyo. Nakusanya majina ya ukoo wetu ili watoto wasiyapoteze. Naomba unisaidie kwa haya manne tu. Mama mzazi wa babu alitoka boma la nani, na kijiji gani? Babu alipooa mke wa kwanza, nzige walikuwa wamekwisha kuja au bado? Alipobatizwa, tayari alikuwa na watoto, na nani alikuwa msimamizi wake? Ni nani mwingine aliye hai aliyeyaona mambo hayo? Majina yaandikwe vile mnavyoyatamka nyumbani, hata kama shuleni huandikwa vingine.”

Swali la mwisho kuhusu aliye hai ndilo linalozaa barua inayofuata. Na lile ombi la matamshi si pambo, kwa sababu mjukuu anayeandika hupenda kusafisha majina yafanane na ya shuleni, na hapo ushahidi hupotea.

Usitaje shamba katika barua ya kwanza. Swali lolote linalonusa mipaka au urithi hufunga midomo, na majibu utakayopata yatakuwa yameandaliwa kwa ajili ya mahakama. Ila kama tayari kuna kesi ya ardhi katika ukoo, sema wazi mwanzoni kwamba hutafuti sehemu.

Weka daftari la barua lenye safu tano: tarehe, kwa nani, umeuliza nini, jibu lilifika lini, na lilisema nini. Piga picha kila barua kabla ya kuituma. Jibu likija kwa sauti ya WhatsApp, litoe kwenye simu siku hiyohiyo, ulihifadhi mahali pengine na ulipe jina lenye tarehe na msemaji. Simu ikiibwa kituo cha matatu cha Odeon, Nairobi, ukoo hauibiwi nayo.

Daftari za kanisa

Kwa familia nyingi za bara, maandishi ya kwanza kabisa yenye jina la mtu wa ukoo ni daftari la ubatizo. Ili kujua uanzie wapi, angalia misheni ipi ilitangulia kwenu, kwa sababu walikuwa wamegawana maeneo. Rabai ni CMS (misheni ya Kianglikana) tangu 1846. Wamisionari wa Kiskoti walihamia Thogoto mwaka 1898. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza St. Austin's, Nairobi, mwaka 1899. Wakonsolata, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, na mwaka huohuo Waquaker wakafungua Kaimosi. Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu 1903, AIM (Africa Inland Mission) wakaweka makao Kijabe mwaka huo, na CMS wakafungua Maseno 1906.

Parokia ya sasa si lazima iwe na daftari la zamani. Parokia huzaana: kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, kinakuwa parokia, lakini madaftari ya miaka ya kigango hubaki kwa mama. Uliza kwanza parokia yenu ilimegwa kutoka wapi na mwaka gani, kisha mwandikie Padri Paroko wa ile ya zamani zaidi. Mpe jina la ubatizo, jina la nyumbani, majina ya wazazi, kigango, na miaka isiyozidi mitano ya kutafuta. Karani wa parokia akipewa miaka 30 ataweka barua yako chini ya rundo, na mtu mwenye busara angefanya vivyo hivyo. Omba pia upewe namba ya mstari katika daftari, na utoe sadaka ya kazi hiyo bila kungoja kuulizwa.

Daftari la Kikatoliki lina jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu akipata kipaimara au akifunga ndoa popote pale, habari hurudishwa parokia alikobatizwa na kuandikwa pembezoni mwa jina lake. Kwa hiyo mwombe karani asome pembezoni, si ule mstari tu. Aliyebatizwa Murang'a na kuoa Nakuru mwaka 1938 anaweza kupatikana Nakuru kwa neno moja lililoandikwa pembeni. Maandishi ya zamani ni ya Kilatini, na maneno machache yanatosha: natus ni amezaliwa, filius ni mwana wa kiume na filia wa kike, patrinus ni msimamizi wa kiume na matrina wa kike, uxor ni mke. Joannes ndiye Yohana wenu.

Mtu aliyebatizwa akiwa mtu mzima humaanisha mwaka wa ubatizo hauna uhusiano na mwaka wa kuzaliwa. Na huko Kikuyu, familia ikitoweka ghafla kwenye daftari la misheni karibu na 1929, usidhani wamekufa. Mgogoro wa kutahiri wasichana uliwatoa wengi, wakaenda makanisa na shule za kujitegemea, ambazo serikali ilizifunga nyingi baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Pengo hilo hujazwa na barua za wazee, si na rejista.

Ndani ya Nyaraka za Taifa

Sasa ndipo uende Moi Avenue, kwenye lile jengo lililokuwa la Bank of India. Beba kitambulisho, ada ya mtafiti, penseli badala ya kalamu ya wino. Uliza utaratibu wa picha kabla ya kutoa simu. Kanuni ya msingi ni kwamba nyaraka hufunguliwa baada ya miaka 30.

Namba za mafaili huanza na ofisi. DC ni wilaya na PC ni mkoa, kisha kifupi cha mahali: DC/MKS ni Machakos, DC/FH ni Fort Hall, DC/KSM ni Kisumu, PC/NZA ni Nyanza. Hapo ndipo majina ya zamani yanapokukwaza. Murang'a ilikuwa Fort Hall, Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, Webuye ilikuwa Broderick Falls, Kisumu ilianza ikiitwa Port Florence. Kakamega na Bungoma tafuta chini ya North Kavirondo, kisha North Nyanza. Nyanza yenyewe ilikuwa chini ya Uganda mpaka 1902, hivyo karatasi za kabla ya hapo ziliandikwa Entebbe. Na usisahau wahamiaji: maelfu ya familia za Kikuyu ziliishi kama maskwota, yaani wafanyakazi walioruhusiwa kukaa na kulima, kwenye mashamba ya wazungu Bonde la Ufa, kwa hiyo babu wa Kiambu anaweza kuwa katika mafaili ya Naivasha au Nakuru kwa miaka 20 mfululizo.

Kitu cha kwanza kuomba kisiwe orodha ya majina. Omba daftari la kumbukumbu za siasa za wilaya, lile wakuu wa wilaya walilokabidhiana. Humo utakuta koo zilizoelezwa moja moja, wazee waliohojiwa kuhusu zilikotoka, na tabia za machifu zikielezwa bila haya. Baada ya hapo soma ripoti za mwaka na ripoti za makabidhiano za miaka yako. Sasa unamjua chifu. Ndipo uingie kwenye mafaili ya mashauri ya lokesheni yake, na huko ndiko majina ya watu wa kawaida yaliko.

Kabla ya kusoma, andika namna zote jina linavyoweza kuharibika. Njoroge huwa Njeroge au Joroge, Kariuki huwa Karioki au Kalioki, Kamau huwa Kamao. Makarani waliotoka pwani waliandika bin hata kwa Wakikuyu na Waluhya, kwa hiyo bin haimaanishi Mwislamu. Alama s/o (mwana wa, kwa Kiingereza) mbele ya jina la pili ina kazi hiyohiyo. Usilitafute jina la ukoo la sasa. Watoto wengi walilipata jina la babu shuleni, wakati babu mwenyewe aliitwa kwa jina lake na la baba yake.

Desturi ya majina ni kipimo kizuri. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya. Kwa kuwa kila mke huanza upya, boma la wake watatu linaweza kuwa na akina Kamau watatu, wote wa baba mmoja, wote wa miaka ya karibu. Hili ndilo linaloharibu miti ya ukoo kuliko moto na mchwa. Dawa yake ni kuandika jina la mama kando ya kila jina tangu siku ya kwanza.

Wanawake

Vitambulisho vilikuwa vya wanaume tu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, kodi iliandikwa kwa mwenye nyumba, na mashamba yalisajiliwa kwa waume. Ukifuata karatasi hizo, utapata ukoo wa wanaume waliojizaa wenyewe. Mbali na ubatizo, njia iliyobaki ni mahakama za wenyeji, zilizoendeshwa chini ya sheria ya 1930 na baadaye ile ya 1951. Kesi za mahari na talaka hutaja baba wa binti, kaka zake, idadi ya ng'ombe waliotolewa na waliosalia, na mashahidi wa pande zote mbili. Deni la mahari lingeweza kudaiwa kizazi kizima baadaye, na mdai akalazimika kueleza alivyo ndugu wa marehemu. Usiridhike na rejista ya kesi, ambayo ni mstari mmoja. Uliza kama kuna mwenendo wa kesi wenyewe. Kama haupo Nairobi, ulizia vituo vya nyaraka vya mikoani, kikiwemo cha Kakamega na cha Nakuru.

Ardhi, mirathi na gazeti la serikali

Kwenye ofisi ya ardhi kadi ya kijani ya shamba huonyesha mwenye kusajiliwa wa kwanza, tarehe, na kila aliyefuata. Mashamba ya Nairobi sasa hutafutwa kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Ya kaunti nyingine huenda ukalazimika kufika. Onyo moja kuhusu Mkoa wa Kati: usajili wa kwanza ulifanyika miaka ya 1950 wakati wanaume wengi walikuwa kizuizini. Jina lililo kwenye kadi linaweza kuwa la ndugu au mtoto aliyekuwepo siku hiyo. Kadi inathibitisha nani aliandikwa, basi.

Faili la mirathi mahakamani ni bora zaidi. Ndani yake kuna barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote, na kiapo cha fomu P&A 5 chenye majina ya watoto, wajane na mali. Kulipata faili kunahitaji namba ya kesi, na namba hiyo utaipata katika gazeti rasmi la serikali, lililoanza 1899. Matoleo yake yamo mtandaoni bure, kwenye tovuti ya Kenya Law na Google Books. Kila tangazo la mirathi hutaja marehemu, kijiji, tarehe ya kufa na mwombaji, mara nyingi pamoja na uhusiano wao. Tafuta kwa kijiji badala ya jina, kwa sababu kompyuta iliyosoma kurasa hizo ilikosea majina ya watu mara nyingi sana. Humohumo utakuta uteuzi wa machifu, watu waliobadilisha majina, na hati za ardhi zilizopotea.

Kwa mzee aliyekwenda vita vya kwanza kama mpagazi, jiandae kutopata kitu. Sanamu za kumbukumbu ya vita za Kenyatta Avenue, Nairobi, hazina majina, na ripoti ya 2021 ya tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Barua za ng'ambo

Kumbukumbu za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za misheni ya Waskoti ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh, za mapadri wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, Ufaransa. Barua za gavana kwenda London ziko Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, katika mfululizo CO 533, na mafaili yaliyosafirishwa kabla ya uhuru, yaliyofichuliwa wakati wa kesi ya wapiganaji wa Mau Mau mwaka 2011, yamo FCO 141. Barua pepe inatosha. Usiwaulize kuhusu babu, hawamjui. Waulize kama wana ripoti za kituo, barua au picha za misheni fulani kati ya mwaka fulani na mwaka fulani, na majina ya wamisionari waliokuwepo. Kituo kitaje kwa jina la wakati ule na tahajia zake zote, kwa sababu kaunti yenu haimo katika faharasa zao. Wakikutajia gharama ya nakala, omba kwanza kurasa za yaliyomo. Picha za wanafunzi au wakatekumeni (waliokuwa wakijiandaa kubatizwa) zikija, zichapishe kubwa na uzitume kwa wazee pamoja na penseli laini, kila uso umepewa namba kwenye karatasi ya pembeni, ili waandike majina pale badala ya kuandika juu ya picha.